Moyo wa Tarishi

Neno kibarua, ambalo leo twalitumia kwa kazi yoyote ya kushikwa leo na kuachwa kesho, asili yake ni barua ndogo: kipande cha karatasi alichopewa mtu asubuhi alipoandikwa kazini, akakihifadhi kutwa nzima, kisha akakirudisha jioni ili apokee ujira wake, na kwa kuwa bila karatasi hiyo mtu yule hakuwa na hoja mbele ya msimamizi wala mbele ya mshika fedha, watu wa pwani walimwita yeye mwenyewe kwa jina la karatasi aliyoishika. Asubuhi hajui kama ataandikwa. Akiandikwa, hajui atapelekwa wapi. Na jioni akisharudisha karatasi, habari ya kesho haimo mikononi mwake. Naanza na neno hili kwa makusudi, ingawa kisa ninachotaka kukisimulia kilitukia mbali na bandari zetu, katika mabasi na ofisi za serikali mjini London, kwa sababu matabibu wa kisa hicho walianza kwa kuitafuta siri ya moyo katika miguu ya watu, wakaja kuikuta penginepo: katika kadiri ya amri aliyonayo mtu juu ya siku yake mwenyewe.

Kwamba kazi huacha alama yake mwilini si habari mpya. Bernardino Ramazzini, tabibu wa Modena katika Italia, alitoa mwaka 1700 kitabu kizima juu ya maradhi ya mafundi na wafanyakazi wa kila namna, na mwenyewe amesimulia kwamba fikira ya kukiandika ilimjia alipomtazama mtu aliyekuwa akizoa shimo la choo nyumbani kwake, akifanya kazi kwa haraka isiyo ya kawaida ili atoke humo upesi kabla macho yake hayajaharibika. Aliwausia matabibu wenzake kwamba, pamoja na maswali waliyozoea kumwuliza mgonjwa tangu enzi za Hippocrates, waongeze moja: kazi yako ni nini? Na alipofika kwa waandishi na makarani, watu ambao wengi huwadhania kuwa wamo katika raha, alitaja mambo matatu yanayowadhuru: kuketi daima, mkono usiopumzika, na la tatu, ambalo kwangu ndilo lenye thamani kuliko yote, ni akili kukazwa pasipo kulegezwa, kwa kuwa karani yu katika khofu ya kukosea hesabu akalichafua daftari au akamtia bwana wake hasara. Khofu hiyo ya karani, iliyotajwa kwa maneno machache na mzee wa Modena, ndiyo itakayoturudia baada ya miaka zaidi ya 250.

Vita vikuu vya pili vilipokwisha, matabibu wa Uingereza waliona jambo lililowatia wasiwasi: wanaume wa makamo, wenye afya kwa kuwatazama, walikuwa wakianguka kwa maradhi ya moyo kwa wingi usiozoeleka, na sababu haikujulikana. Mmoja wao alikuwa Jeremy Morris, mzaliwa wa Liverpool wa mwaka 1910 aliyelelewa Glasgow, ambaye wakati wa vita alikuwa tabibu wa jeshi huko India na Burma, na tangu mwaka 1948 alisimamia kikundi cha utafiti kilichochunguza maradhi kwa kuyatazama maisha ya watu, wala si kwa kuupasua mwili peke yake. Morris hakuwa na nadharia kubwa ya kuanzia. Alijiuliza swali lile lile la Ramazzini, ila hakumwuliza mgonjwa mmoja. Aliwauliza maelfu kwa pamoja, kwa njia ya daftari za waajiri wao.

Basi la London la wakati ule lilikuwa na ghorofa mbili na watumishi wawili. Dereva aliketi peke yake mbele, katika kijumba chake kilichotengwa na abiria. Kondakta alizunguka kutwa na mashine ya tikiti kifuani, akipanda ngazi iliyojipinda ya nyuma kwenda kuwatoza nauli walioketi juu, akishuka kuwapokea walioingia katika kituo kinachofuata, kisha akipanda tena. Waliohesabu walikuta kwamba kondakta alipanda vidato kati ya 500 na 750 kwa siku moja ya kazi, ilhali dereva aliketi sehemu tisa katika kumi za zamu yake. Wawili hawa walikuwa watu wa tabaka moja, walikaa katika mitaa ya namna moja na waliamka saa zile zile za alfajiri. Basi lilikuwa kama mizani iliyowekwa tayari, ikingoja mtu wa kuitazama.

Morris aliitazama. Katika wanaume wapatao 31,000 wa usafiri wa London, wenye umri wa miaka 35 hadi 64, waliofuatwa katika mwaka 1949 na 1950, maradhi ya mishipa inayoulisha moyo yaliwapata madereva 2.7 katika kila 1,000 kwa mwaka, na makondakta 1.9, tena kondakta aliyepatwa na maradhi hayo aghlabu alipatwa akiwa na umri mkubwa zaidi, na hatari ya kufa katika siku za mwanzo ilikuwa ndogo kwake kuliko kwa mwenziwe wa usukani. Hakukimbilia kuitangaza habari hiyo. Alichelea kwamba labda ni sadfa, akaenda kwa watumishi wa posta, na huko akakuta wapeleka barua, waendao kwa miguu na kwa baiskeli, wamesalimika zaidi kuliko makarani na wapokea simu waketio. Ndipo mwaka 1953 jarida la matabibu la Lancet lilipouchapa utafiti wake, na dunia ikajifunza jambo ambalo hata leo lingali kweli: kwamba mwili umeumbwa kwa kwenda, na ukizuiwa kwenda moyo huathirika.

Lakini Morris alikuwa mtu mwaminifu, na mtu mwaminifu haachi kulichokoa jibu lake mwenyewe. Mwaka 1956 yeye na wenzake walifungua daftari za sare, wakalinganisha viuno vya suruali walizogawiwa madereva na makondakta, wakaona kwamba madereva walikuwa wanene zaidi tangu walipokuwa vijana, yaani tangu siku zile ambazo kiti hakijapata muda wa kuwanenepesha. Basi huenda si kiti kilichomfanya dereva awe alivyo. Huenda watu wa umbo fulani ndio waliovutwa na kiti. Na palikuwa na shaka nyingine, iliyo nzito zaidi kwangu. Dereva wa London hakuketi kama mtu aketivyo barazani. Aliketi macho yakiwa barabarani na mguu ukiwa juu ya breki, katika ukungu na msongamano, akiwa na roho za watu kadhaa nyuma ya mgongo wake na saa ya kituo cha mwisho mbele yake. Je, kilichomla moyo ni kuketi, au ni kuhangaika? Swali hilo halikuweza kukatwa ndani ya basi, kwa kuwa ndani ya basi kuketi na kuhangaika vilikaa katika mtu mmoja.

Jibu lilianza kuonekana katika mtaa wa Whitehall, penye wizara za serikali ya Uingereza. Kuanzia mwaka 1967 Donald Reid na Geoffrey Rose, wataalamu wa chuo cha London cha elimu ya siha na maradhi ya nchi za joto, waliwapima wanaume wapatao 18,000 wa utumishi wa serikali: shinikizo la damu, mafuta na sukari katika damu, kimo, uzito, na sigara ngapi kwa siku. Kijana mmoja, Michael Marmot, aliyezaliwa London na kusomea utabibu Sydney, alijiunga na kazi hiyo baada ya kusoma Marekani, naye ndiye aliyezipanga hesabu hizo kwa daraja za kazi: juu kabisa maafisa watawala, chini yao wataalamu na wasimamizi, kisha makarani, na mwisho kabisa mabawabu na matarishi.

Sisi tunamjua tarishi. Ndiye aketiye kwenye benchi nje ya mlango wa mkubwa, majalada yakiwa magotini na sikio likingoja kengele. Ikilia huinuka, isipolia hukaa, wala si juu yake kuinuka kabla wala kukawia baada. Hupeleka barua asizoruhusiwa kuzisoma kwa watu wasiomwuliza hali, na akirudi huikuta kengele palepale alipoiacha. Sasa msomaji na atafakari: kwa funzo la basi, tarishi ndiye aliyepaswa kusalimika. Yeye ndiye aliyetembea katika korido ndefu na kupanda ngazi, ilhali katibu mkuu aliketi nyuma ya meza yake kubwa. Na tena watu wa wakati ule waliamini kwa yakini kwamba shambulio la moyo ni maradhi ya wakubwa, malipo ya dhamana nzito na usingizi mchache.

Mwaka 1978 Marmot, Rose na wenzao walitoa hesabu yao. Katika miaka saba na nusu tangu walipopimwa, watu wa daraja ya chini kabisa walikuwa wamekufa kwa maradhi ya mishipa ya moyo mara 3.6 zaidi kuliko maafisa watawala. Wala haikuwa habari ya fukara na tajiri tu, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na njaa katika nyumba hiyo: wote walikuwa na ajira, wote walifanya kazi katika mji mmoja, na wote walikuwa na haki ya kutibiwa bure tangu serikali yao ilipoanzisha huduma ya afya kwa wote mwaka 1948. Kilichoshangaza zaidi ni kwamba hatari ile ilishuka na kupanda kama ngazi, kidato kwa kidato. Mtaalamu wa daraja ya pili, mtu mwenye nyumba yake na bustani yake, alikuwa katika hatari zaidi kuliko yule aliye juu yake mara moja. Karani alikuwa katika hatari zaidi kuliko mtaalamu. Na tarishi kuliko karani. Walipoondoa katika hesabu yote wanayojua matabibu kuyalaumu, sigara, shinikizo la damu, mafuta, sukari, hata kimo, walieleza sehemu isiyofika nusu ya tofauti ile. Iliyosalia haikuwa na jina.

Jina lake lilitoka Marekani. Mtaalamu mmoja, Robert Karasek, katika makala aliyoitoa mwaka 1979 kwa kutumia habari za wafanyakazi wa Marekani na wa Sweden, alidai kwamba wingi wa kazi peke yake haudhuru kama tunavyodhani. Kinachodhuru ni wingi wa kazi ukikutana na uchache wa idhini, yaani mtu anapotakiwa mengi na kuruhusiwa machache. Nahodha katika tufani ana kazi kubwa kuliko baharia yeyote chomboni, lakini tanga likishushwa limeshushwa kwa neno lake. Yule atweteaye kwa amri isiyo yake, asiyeweza kuongeza mwendo wala kuupunguza, ndiye ambaye juhudi yake humgeukia mwenyewe.

Basi Marmot akarudi Whitehall. Kati ya mwaka 1985 na 1988 aliandikisha kundi jipya la watumishi 10,308 wa umri wa miaka 35 hadi 55, kutoka idara 20, na safari hii walikuwamo wanawake 3,413, ambao watafiti wa kwanza waliwaacha nje kana kwamba wanawake hawana moyo wala ofisi. Waliulizwa mambo ambayo hapo kabla tabibu hakuyaona kuwa kazi yake kuyauliza: je, wewe huamua namna ya kuifanya kazi yako? Je, waweza kupumzika unapotaka? Mkubwa wako hukusaidia? Wenye shaka walisema, na shaka yao ilikuwa ya haki, kwamba mgonjwa na mwenye huzuni huiona kila kazi kuwa ni jela. Kwa ajili hiyo watafiti waliwaomba pia wasimamizi wa utumishi wazikadirie kazi zile pasipo kumsikiliza mwenye kazi; na kwa ushahidi wa mfanyakazi na kwa ushahidi wa msimamizi hukumu ilikuwa moja, kwamba penye idhini ndogo, maradhi mapya ya moyo yalikuwa mengi zaidi katika miaka iliyofuata.

Nafsi nayo haikusalimika. Waliolemewa na madai ya kazi, na waliokosa msaada wa wakubwa wao, ndio walioonekana baadaye kuingia katika huzuni na wasiwasi mwingi, hata wale waliokuwa wazima walipoulizwa mara ya kwanza. Napenda kulisisitiza jambo hili, kwa kuwa katika jamii zetu mtu aliyevunjika moyo kwa kazi huambiwa kwamba ni mvivu, au ana imani haba, au amefanyiwa jambo, na ni nadra mtu kumwuliza ni nani anayempangia siku yake.

Katika idara zile mlikuwamo moja iliyoshughulika na majengo ya serikali, nayo katika miaka ile iliamuliwa kuuzwa kwa watu binafsi. Kwa watafiti hiyo ilikuwa bahati chungu: watumishi wake walikwisha kupimwa katika siku za utulivu, wakapimwa tena wakati ambapo habari ya kuuzwa imekwisha kuenea lakini uuzaji wenyewe haujatimia. Hali yao ilikuwa imezorota kuliko ya wenzao wa idara nyingine, na utafiti uliochapishwa mwaka 1995 ulieleza kwamba kungoja peke yake kulitosha kuwadhuru. Nilipolisoma hilo niliwakumbuka vibarua wa bandari ya Mombasa, ambao kungoja hakukuwa jambo la mwaka mmoja bali la kila asubuhi. Januari 1947, watu wapatao 15,000 walipogoma katika mji ule na shughuli zikasimama kwa siku 12, walidai ujira na makazi na nafuu ya gharama za maisha. Na miaka iliyofuata ndipo wenye bandari walipoanza kuigeuza kazi ya kutwa kuwa kazi ya kudumu.

Uchunguzi mwingine wa Whitehall, wa mwaka 2005, ulihusu insafu. Wanaume walioona kwamba wakubwa wao huwasikiliza, huwaeleza sababu za maamuzi na hawawapendelei wengine, walikuwa na hatari ya maradhi ya moyo iliyopungua kwa karibu theluthi moja. Sijui dawa ya duka iliyo rahisi kuliko hiyo, maana haina bei. Ni mkubwa kumgeukia mtu, kumwita kwa jina, na kumwambia kwa nini.

Namna fikira inavyoingia katika mshipa si muujiza. Tangu mtafiti Hans Selye, akiwa Montreal, alipoeleza mwaka 1936 jinsi panya walioteswa kwa njia mbalimbali walivyotokewa na dalili zile zile, tezi za juu ya figo kuvimba na vidonda kutokea tumboni, yajulikana kwamba mwili una namna yake moja ya kujiandaa kwa hatari. Moyo huenda mbio, sukari humwagwa katika damu, na damu yenyewe huwa nyepesi kuganda ili jeraha lisimmalize mwenyewe. Hayo ni matengenezo mema kwa mtu aliyekutana na simba, kwa kuwa habari ya simba huisha kwa dakika chache, kwa namna hii au ile. Mkubwa mkali yupo leo na kesho, na matayarisho yale yasiyo na pigano hukaa mwilini, yakaupandisha mgandamizo wa damu, yakauharibu usingizi, yakajaza mafuta tumboni.

Turudi kwenye usukani, maana dereva tulimwacha na swali lake. Leonard Syme, aliyekuwa mwalimu wa Marmot huko Berkeley, aliwachunguza madereva wa mabasi ya San Francisco, akawakuta na shinikizo la damu jingi kuliko watu wa kazi nyingine. Alipotaka kujua sababu aliikuta karatasini: ratiba. Ilipangwa pasipo kujali msongamano wa barabara, hata haikuwezekana kuifuata, na dereva aliyechelewa aliadhibiwa. Ili kuufidia muda aliruka mapumziko, akala upesi upesi, akakawia kurudi nyumbani, na wengine walipitia kilevi kwanza ili wapoe kabla ya kukutana na watoto wao. Kumwambia mtu huyo apunguze chumvi na afanye mazoezi ni kumsahihisha yeye badala ya kuisahihisha ratiba, na Syme alilisema hilo wazi.

Haifai hata hivyo kuikuza habari kupita kadiri yake. Mwaka 2012 wataalamu waliokusanya habari za watu 197,473 kutoka nchi mbalimbali za Ulaya walikuta kwamba kazi yenye madai mengi na idhini chache huongeza hatari ya maradhi ya moyo kwa asilimia 23. Ni nyongeza ya kweli, lakini sigara inaua zaidi. Saa nazo zina hesabu yake: shirika la afya la dunia na lile la kazi yalikadiria mwaka 2021 kwamba kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kulichangia vifo 745,000 vya kiharusi na moyo katika mwaka 2016 peke yake. Wajapani walikuwa wamekwisha kulipa jambo hilo jina, karoshi, kifo cha kazi kupita kiasi, na kisa cha kwanza wanachokitaja ni cha mwaka 1969, cha kijana wa miaka 29, mtumishi wa gazeti kubwa, aliyekufa kwa kiharusi.

Disemba 2005 mabasi ya zamani ya London, yale ya ngazi ya nyuma na kondakta ndani, yaliondolewa katika safari za kawaida. Yalikuwa yamekwisha kupungua kidogo kidogo kwa miaka mingi, kwa kuwa basi la mtumishi mmoja ni rahisi kuliko la wawili. Morris alikuwa hai bado, na umri wa miaka 95. Alifariki mwaka 2009, akiwa amebakiza miezi michache atimize 100. Katika kazi mbili alizozipima, iliyokuwa salama zaidi ndiyo iliyofutwa. Dereva amebaki, na mlango wa abiria umehamishiwa ubavuni mwake: ndiye afunguaye, atazamaye kadi, ajibuye maswali na asikiaye matusi, na kwa wakati ule ule ndiye aitazamaye saa.